Foleni Kwenye Duka la Darasani

Nilipopewa kazi ya kufundisha watu namna ya kupanga biashara, nilikuwa sijawahi kuuza hata andazi moja. Nyumbani kwetu waliouza walikuwa wengine. Mimi nilitumwa tu kununua, na mara nyingi nilirudi na kitu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Miaka ya themanini ilikuwa imeanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa somo la biashara katika sekondari moja mjini Shinyanga, na kila nilichokijua kuhusu biashara nilikuwa nimekisoma darasani, kwa mtu ambaye naye alikisoma darasani. Siku moja ikaja barua kwamba nimeazimwa kwa mwaka mmjoa kwenda chuo kidogo cha famasia upande wa Kishapu. Barua yenyewe ilipigwa chapa hivyo hivyo, "mmjoa", nami nikabaki nalo neno hilo mfukoni siku nzima nikitumaini kwamba maana yake ni wiki moja.

Sababu ya kuazimwa ilikuwa hii. Vijiji vilikuwa vikihimizwa kufungua maduka ya dawa ya ushirika, na waliotarajiwa kuyaendesha ni wasaidizi wa dawa waliokuwa wakisoma pale chuoni. Walijua kupima shira, kuhesabu vidonge na kusoma mwandiko wa daktari, kazi ambayo mimi mpaka leo siiwezi. Lakini mtu fulani huko juu alishtuka kwamba hawajui kupanga duka. Ndipo nikatafutwa.

Mkuu wa chuo alikuwa mfamasia, mwembamba kama mpini, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama peke yake. Alikuwa mtu mwema, ila alizungumza kama anayesoma karatasi ya chupa ya dawa.

"Utafundisha mara mbili kwa wiki," aliniambia siku niliyoripoti, "asubuhi, baada ya uji. Ukiona dalili mbaya, acha mara moja uje unione."

"Dalili gani, mkuu?"

"Wakianza kupenda hela."

Neno biashara lilimsumbua sana. Zilikuwa siku za kusakwa walanguzi, na mtu akikutwa na katoni mbili za sabuni chini ya kitanda aliweza kulala ndani. Kwa hiyo kwenye ratiba ukutani somo langu aliliandika "Mipango ya Huduma ya Dawa", na akaniomba kwamba nikifika kwenye faida, niseme ziada. Nilitii. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza kama ziada ni faida iliyovaa koti jeupe. Darasa lilicheka, nami nikageukia ubao nikajifanya natafuta chaki.

Huyo aliyeuliza alitoka Nyarugusu. Alikuwa amechimba dhahabu miaka kadhaa kabla ya kuamua kusoma, na alituambia aliacha siku ardhi ilipomwangukia mwenzake mguuni wakakosa hata kitambaa safi cha kumfunga. Alikuwa na mabega mapana na kicheko cha ghafla. Kwa kuwa sitaji majina ya watu humu, nitamwita Mchimbaji, kama wenzake walivyomwita.

Walikuwa wanafunzi kumi na wanane kwa jumla, lakini wawili wengine lazima niwataje. Mmoja alikuwa mama wa makamo kutoka Ushirombo. Alikuwa amegawa dawa kwenye zahanati ya misheni kwa miaka mingi, na sasa alitumwa kusoma ili apewe cheti cha kazi ambayo tayari aliijua kuliko waliomfundisha. Nitamwita Mama. Siku ya kwanza niliingia darasani, nikamwona ameketi mbele na kitenge chake na miwani yake, na ulimi wangu ukafanya kile ulicholelewa kufanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Keti. Mwalimu hajafika bado."

Ilinichukua muda kumweleza, na muda mrefu zaidi yeye kuamini.

Wa pili alikuwa kijana mrefu, mtoto wa wafugaji wa hapo hapo Kishapu, mkimya mno. Aliandika kila kitu nilichosema. Niliposahihisha madaftari yake nikakuta ameandika: "Mwalimu: Habari za asubuhi. Wanafunzi: Nzuri. Mwalimu: Fungeni dirisha hilo, vumbi." Kiswahili alikipata shuleni, na alikishika kama mtu ashikavyo sahani ya kuazima. Alilofundishwa alilifanya neno kwa neno. Nilipaswa kulitilia maanani jambo hilo mapema zaidi.

Darasa lenyewe lilikuwa ghala la zamani la pamba lenye milango miwili mikubwa iliyotazama barabara. Nyuzi za pamba bado zilielea humo. Tulipiga chafya kwa zamu, na ikawa mtu akitaka kuchelewesha swali gumu anapiga chafya tatu.

Somo la kwanza niliuliza: "Mteja ni nani?"

"Mgonjwa," alijibu Mama.

"Kwenye zahanati ni mgonjwa. Kwenye duka anaitwa mteja. Duka zuri ni lile ambalo mteja anarudi tena."

Mama alivua miwani. "Mimi nikimpa mtu dawa, nataka asirudi."

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Akirudi ina maana hajapona. Au nilikosea dozi. Kwa hiyo mwanangu mwalimu unatufundisha tukosee kidogo kidogo?"

Nilieleza kwamba anarudi kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Mama akasema kumbe basi tunamwombea augue tena. Nikasema la, anawaleta ndugu zake. Akauliza kama nao tunawaombea. Mtoto wa mfugaji akaandika. Baadaye nilisoma kwenye daftari lake: "Mteja: ni mgonjwa ambaye hatumwombei."

Mwezi wa pili niliwaagiza kila mmoja aandike mpango wa duka la dawa la kijiji: mahali litakapokuwa, nani atanunua, nini kitauzwa. Mchimbaji alipanga kuweka duka lake Nyarugusu, katikati ya mashimo na kilabu cha pombe. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anaumia kwenye kimoja na anajua kuwa ameumia akifika kwenye kingine. Sikuona kosa la kumsahihisha. Mama aliandika kurasa nne, na tatu kati ya hizo zilihusu mabenchi. Yawe mangapi, yawe na urefu gani, yawekwe kivulini upande upi asubuhi na upande upi jioni. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu: "Na dawa je?" Alinirudishia karatasi akiwa ameandika chini yake: "Mtu aliyesimama hasemi kinachomuuma."

Wengine karibu wote walinakiliana. Nikaona maneno matupu hayatoshi, wanahitaji kuliona duka na kulishika. Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka sasa wenzangu wa wakati ule wakikutana nami hawaniachi nimalize salamu kabla ya kunikumbusha.

Wazo lilikuwa kutengeneza duka la kujifunzia pale pale ghalani. Mkuu wa chuo alikuwa na chumba kizima cha maboksi, makopo na chupa tupu za dawa, maana siku zile hata boksi tupu halikutupwa. Alikubali tuyatumie kwa siku moja, kwa sharti kwamba yarudi yote, baada ya kusafishwa, mahali pakavu, mbali na watoto. Tulipanga meza kuwa kaunta. Mama alisimamia mabenchi mawili, hakutaka msaada wa mtu. Mchimbaji alikwenda kwenye mto mkavu nyuma ya chuo akaleta mchanga wa kujaza makopo ili yawe na uzito na yasiangushwe na upepo. Alichagua mchanga msafi kwa makini, akiuchekecha kwa vidole kama mtu anayechagua mchele. Chupa tulizijaza maji yaliyotiwa rangi ya majani ya chai. Ilipofika jioni rafu zilikuwa zimejaa mpaka juu, zinapendeza, na nilisimama mlangoni nikajisikia mfanyabiashara kwa mara ya kwanza maishani.

Makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza, nilisema darasani kwamba duka lazima liwe na kibao kinachosomeka kutoka barabarani. La pili, mimi mtu wa mjini sikujua kwamba kesho yake ilikuwa siku ya mnada.

Asubuhi nilifika nikiwa na daftari la kuwapangia zamu: sita wawe wauzaji, kumi na wawili wawe wateja. Mtoto wa mfugaji alikuwa amewahi kuliko wote. Alikuwa amefungua milango yote miwili, na nje, juu ya mti wa kuegeshea baiskeli, ametundika ubao ulioandikwa kwa dawa ya zambarau ya vidonda, herufi ndefu kama miguu yake: DUKA LA DAWA. KARIBUNI WOTE.

Watu saba walikuwa wamekwisha kukaribia.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Maduka ya wakati ule yalikuwa na kaunta, muuzaji, na vumbi. Mtu alipoona rafu iliyojaa kitu, chochote, miguu ilijipeleka yenyewe. Ukiona foleni unaingia kwanza, kuuliza baadaye. Na hawa waliokuwa wakienda mnadani wangeuza ng'ombe wao, wapate hela, halafu wasione cha kununua zaidi ya ng'ombe wengine. Saa tatu foleni ilikuwa imefika kwenye mti wa baiskeli. Saa nne ilikuwa imevuka barabara. Wa mbele walisema ni dawa, wa katikati walisema ni sabuni, na wa nyuma kabisa, nilipokwenda kuwasikiliza, walikuwa na hakika kwamba ni khanga na kwamba kila mtu atapewa doti moja tu.

"Mwalimu," Mchimbaji alininong'oneza huku macho yakimcheka, "kwenye mpango uliandika wateja kumi na wawili."

Nilipanda juu ya kiti. "Ndugu wananchi, mwadila," nikaanza, nikijaribu salamu yao ya Kisukuma, na kumbe ile ni ya mchana, bado ilikuwa asubuhi. Wakacheka wakaitikia kwa wema. "Hili si duka la kweli. Ni somo. Humu hakuna kitu."

Hakuna. Hilo ndilo neno nililopaswa kuliepuka kuliko yote. Kila mtu pale alikuwa amezoea kuambiwa hakuna na muuzaji aliyesimama mbele ya mzigo. "Hakuna" maana yake ilikuwa "kipo, ila si chako". Nilipolitamka tu, foleni ikasogea mbele na kubanana.

Bibi mmoja aliyekuwa wa tatu alinishika mkono kwa upole. "Nimeelewa, mayu," alisema, akiniita mama kwa lugha yake. "Ni somo. Mimi ni mtu mzima, sitasema kwa mtu. Sasa nipe sukari."

"Bibi, hata ingekuwa duka, lingekuwa la dawa."

"Basi nipe dawa. Sukari nitaifuata saa ngapi?"

Nikawaagiza wanafunzi wafunge milango. Lakini ile milango ilikuwa ya robota za pamba, mikubwa na mizito, na watu walikuwa wameegemea. Nikatuma mwanafunzi mmoja akimbie mnadani kumtafuta mkuu wa chuo, ambaye alikwenda kununua mbuzi wa jikoni. Kisha nikageuka nikaona kwamba Mama ameanza kazi. Hakuwa amesubiri ruhusa yangu. Aliwaketisha wazee na wenye watoto kwenye mabenchi yake mawili, na kwa wengine akaomba meza za darasani zigeuzwe mabenchi. Akakaa nao, mmoja baada ya mwingine, akiuliza kinachowasumbua na kuandika. Kisumbwa chake na Kisukuma chao vilielewana vizuri kuliko Kiswahili changu na chochote.

Ndipo akafika katibu kata na mgambo wawili.

Sijui nani alimpelekea habari. Alikuwa mtu mfupi mwenye suti ya mikono mifupi iliyombana tumboni, na alitembea kama mtu ambaye asubuhi ile hatimaye imemletea alichokuwa akikingojea. Alipita kati ya watu, akasimama mbele ya kaunta. Nyuma ya kaunta alisimama mtoto wa mfugaji, aliyepangiwa zamu ya muuzaji, na ambaye sikuwa nimemwambia zamu imekwisha.

"Duka hili ni la nani?" aliuliza katibu.

"Ni letu. Wanachama kumi na wanane."

"Leseni iko wapi?"

Kijana akafungua daftari lake. "Tutaiomba mwezi wa tatu."

"Yaani mmefungua kabla ya leseni?"

"Bado hatujafungua. Tutafungua mwezi wa sita."

Katibu akatazama ule umati. "Na hawa ni nani?"

Kijana akarudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma kwa sauti: "Ni wagonjwa ambao hatuwaombei."

Nilijisukuma mbele nikaanza kujieleza, lakini nilikuwa nikisema maneno kumi kwa wakati mmoja, na katibu akaninyamazisha kwa kiganja. Aliamuru kopo lishushwe. Akalifungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, akautoa umejaa mchanga. Akafungua la pili, akachimba tena kwa nguvu zaidi, akihema. Mchanga. La tatu, mchanga.

"Mnawauzia wananchi mchanga!" alisema, na sauti ilimpanda mpaka ikapasuka.

"Hatujauza, baba," nikasema. "Hakuna aliyepewa kitu."

"Mmeuficha kwenye makopo ya dawa. Kwa nini mtu afiche mchanga?" Lilikuwa swali la haki kabisa. "Nani aliuleta?"

"Mimi," alisema Mchimbaji.

"Unatoka wapi wewe?"

"Nyarugusu."

Nilisikia chafya moja tu, ya kweli. Halafu neno likaanza kupita kutoka benchi hadi benchi, likatoka mlangoni, likavuka barabara. Nyarugusu. Kila mtu alijua Nyarugusu wanachimba nini. Katibu aliutazama mchanga uliobaki kwenye kiganja chake, na sura yake ikabadilika. Aliacha kuukung'uta mkono ule, akaufumba.

"Mzee, huu ni wa mto wa hapo nyuma," alisema Mchimbaji.

"Ndivyo mnavyosema siku zote," akajibu katibu. "Leteni karai. Leteni maji."

Karai lilitoka jikoni, lile la kuoshea sufuria. Maji yalitoka kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Likawekwa chini mbele ya mlango ambako kulikuwa na mwanga, na watu wakafanya duara. Katika watu wote pale mwenye kujua kusafisha dhahabu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mtuhumiwa. Mchimbaji alikunja suruali, akachuchumaa, akamwaga kopo la kwanza.

Alianza kwa mzaha. Nilimwona akinikonyeza. Lakini alipoanza kulizungusha lile karai, akiyainamisha maji ukingoni na kuuacha mchanga mwepesi uondoke kidogo kidogo, mzaha ulimtoka usoni. Mikono yake ilikumbuka. Akawa hasikii mtu. Kopo la pili, kopo la tatu. Mtoto wa mfugaji alisimama begani pake akiandika. Mimi mwenyewe, niliyeuona mchanga ule ukichotwa kwa ndoo ya chuo, nilijikuta nimeinama nikitazama. Nilianza kufikiri kwamba, kwa nini isiwezekane? Mto ni mto.

"Kinang'aa!" alipiga kelele mgambo mmoja.

Na kweli, chini ya karai, katika mchanga mweusi uliobaki, kitu kilimeta. Watu waliokuwa nyuma wakawapanda waliokuwa mbele. Mchimbaji alikichukua kwa ncha ya kidole, taratibu sana, akakiosha, akakiinua juu kwenye jua.

Kilikuwa kifungo. Cha bati, cha duara, chenye matundu manne.

Wote tukakitazama. Kisha, sijui nani alianza, macho yakaanza kuhama kutoka kwenye kifungo kwenda kwenye tumbo la katibu kata, ambako suti ilikuwa imeachama mahali pamoja na fulana inaonekana. Kilikuwa kimeruka alipokuwa akichimba makopo.

Bibi wa sukari ndiye aliyecheka kwanza, kicheko chembamba kama cha msichana, na baada yake hapakuwa na wa kujizuia. Mgambo waligeuka ukutani mabega yakiwatikisika. Katibu alisimama akiwa ameziba pengo la suti kwa mkono. Namheshimu kwa kilichofuata. Alisubiri watu wamalize. Alipokea kifungo chake kutoka kwa Mchimbaji, akakitia mfukoni, akapanda kwenye kiti nilichokuwa nimekipanda mimi.

"Wananchi," alisema. "Nimekuja kukagua somo. Nimeridhika."

Akashuka. Halafu akanisogelea akauliza kwa sauti ya chini kama tuna hata kidonge kimoja cha kweli cha kichwa, maana kichwa chake kilikuwa kinapasuka.

Mkuu wa chuo alifika wakati huo huo, jasho likimtoka, mbuzi chini ya kwapa. Aliona umati, mgambo, karai, na chupa zake zenye maji ya majani ya chai. Rangi ilimtoka. Hakuuliza kuhusu duka wala kibao.

"Nani amekunywa nini?" aliuliza.

"Hakuna, mkuu."

"Hata tone?"

"Hata tone," alisema Mama kutoka kwenye benchi lake, bila kuinua kichwa. "Nimewachunga. Lakini huyu mtoto macho yake yameoza, na yule baba pale ana upele mpaka kwenye masikio. Utawarudisha nyumbani?"

Mkuu alimtazama. Akanikabidhi mbuzi. Akafungua zahanati ndogo ya chuo, ambayo siku ile haikuwa siku yake ya kufunguliwa, akavaa koti lake, akawaita wanafunzi wote kumi na wanane. Walifanya kazi mpaka jua lilipoanza kupoa. Waliofuata khanga waliondoka mapema, wakilalamika kwamba zimekwisha kabla ya zamu yao. Waliobaki walikuwa wagonjwa kweli. Mimi, ambaye sikuwa na kazi yoyote niliyoijua, nilishinda nimeshika mbuzi.

Alhamisi iliyofuata tuliweka juu ya meza karatasi mbili. Moja ilikuwa mpango wa duka tulioutengeneza pamoja, ambao mimi niliusifu. Nyingine ilikuwa orodha ya Mama, ya watu waliokaa kwenye mabenchi yake. Duka letu lilikuwa limejaa vidonge vya vitamini na dawa za kifua, kwa sababu maboksi yake ndiyo yaliyokuwa na picha nzuri. Orodha ya Mama ilisema macho, upele, minyoo ya watoto, macho tena, vidonda, na kupe wa ng'ombe mara nyingi kuliko ugonjwa wowote wa binadamu. Mzee mmoja aliomba dawa ya kumfanya mkwe wake aseme pole pole. Hakuna hata mtu mmoja aliyetaka kitu kilichokuwa kwenye rafu zetu.

Nilikaa kwenye benchi. Nilimwomba Mama aje mbele afundishe, naye akaja, akafuta ubao wote, hata mstari wa kichwa cha somo. Tangu siku ile tulifundisha wawili. Mkuu aliuliza kama nimeona dalili zozote mbaya. Nilimwambia bado hawajapenda hela, ila wameanza kupenda kuuliza watu maswali. Akafikiri kidogo, akasema tuendelee na dozi hiyo hiyo.

Wote kumi na wanane walipata vyeti vyao. Mtoto wa mfugaji alifungua duka la kijiji chao huko huko Kishapu, akaweka rafu moja ya watu na rafu nne za ng'ombe, na nasikia kijiji kilimpenda mpaka kikamwozesha. Mchimbaji hakurudi Nyarugusu mwaka ule. Nadhani aliogopa karai. Alikwenda baadaye kidogo, akaweka duka katikati ya mashimo na kilabu, mahali pale pale alipopaandika.

Mimi nilirudi sekondari. Mwaka wa pili nilisafiri kwenda Ushirombo kwa lori la magunia ya mahindi, nikiwa na barua ya shule ya kupeleka misheni, na njiani homa ikanipanda. Niliposhushwa sikwenda misheni kwanza. Niliuliza duka la dawa la kijiji, nikaonyeshwa nyumba ndogo nyeupe. Nje palikuwa na mabenchi sita. Mlango ulikuwa umefungwa, na juu yake kuna karatasi: "Nipo shambani kwangu nyuma ya kanisa. Mwenye homa anifuate. Mwenye kikohozi angoje."

Nilimfuata nikitetemeka. Alikuwa amekaa chini katikati ya mashina ya karanga yaliyong'olewa, kitenge chake kimejaa udongo. Alinitazama, akanigusa shingo kwa upande wa nyuma wa kiganja, akafungua mkoba uliokuwa kwenye kapu la karanga. Vidonge vilikuwemo, na chupa ya maji yaliyochemshwa, na kikombe. Akahesabu vinne, akanitazama nikivimeza mpaka cha mwisho, akaniamuru nifungue mdomo aone.

"Nikuandikie mpango, mama?" nilimtania, meno yakigongana. "Duka linafungwa saa za kazi."

"Mwezi wa karanga hakuna anayeugua mchana," alisema. "Hawana nafasi. Wanaugua jioni, na jioni nipo. Kaa chini, usisimame hivyo, utaanguka."

Nilikaa. Jua lilikuwa kali lakini mimi nilihisi baridi, na akanifunika mgongo kwa gunia. Baada ya muda homa ilianza kulegea. Akasukuma rundo la mashina mbele yangu, nami nikaanza kuchambua.